Boksi la Santuri kwa Bei ya Kuku Wawili

Kukhu aliwahi kuimba kwenye santuri, na santuri hiyo ikaishia kuwa bakuli la kunyweshea vifaranga. Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, na babu ni Kuka. Enzi hizo waliishi Webuye, Kuka akifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi. Siku moja wapiga litungu, kile kinanda chetu cha nyuzi, walikuja kurekodi wakakosa wanawake wa kuitikia, kwa hivyo wakawachukua wake za wafanyakazi waliokuwa wakianika nguo. Kukhu alikuwa mmoja wao. Kazi yake yote ilikuwa kusema "eee" mwimbaji akimaliza mstari, lakini alikuwa anachelewa. Wenzake wakishanyamaza, eee yake inafika peke yake, kama mtu aliyebaki nyuma kufunga mlango. Waliorekodi walitaka kurudia. Mwenye litungu akasema iachwe hivyo hivyo, imekaa vizuri.

Kazi ya Webuye ilipoisha walihamia Mabanga kwa lori. Santuri ziliwekwa juu kabisa ya mzigo ndiyo zisivunjike, na hazikuvunjika. Jua lilizikunja zote kama chapati. Ile ya litungu ilijikunja ikawa na shimo zuri katikati, Kukhu akaiweka chini karibu na jikoni na kuitilia maji. Kuka alipolalamika, Kukhu alimuuliza vifaranga walikuwa wamekosea wapi.

Mimi hayo sikuyaona. Nilizaliwa baadaye sana, bakuli lilikuwa limeshapotea. Lakini Kuka ameyasimulia mara nyingi mpaka naona ni kama nilikuwepo nikishika kuku.

Kukhu alifariki mwaka jana. Picha zake tunazo nyingi, anaonekana amekasirika kwa zote kwa sababu hakupenda kuambiwa acheke. Sauti yake hatuna hata moja. Simu alikuwa anaishika mbali na mdomo, anasema neno moja halafu anampa mtu aliye karibu. Tulipomaliza mazishi na wageni wakapungua, Kuka alikuwa akinywa chai, akasema bila kumwangalia mtu, "Ningeisikia tu ile eee yake mara moja." Hakumwomba mtu. Ila Senge alikuwa hapo, huyo ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, na Senge akisikia kitu tayari kimekuwa kazi ya ukoo mzima. Akasema Agosti tutafanya shukrani ya Kukhu, na siku hiyo Kuka atapewa santuri yake. Halafu akanigeukia mimi.

Hapo nijieleze kidogo. Niko kidato cha tatu, tunaishi Tuwan hapa Kitale, na nina haya za kupita kiasi. Wageni wakija napitia nyuma ya nyumba. Mwalimu akiniuliza swali nalijua jibu, lakini linakaa kooni mpaka mwingine analisema, na yeye ndiye anapigiwa makofi. Kitu kimoja ninachoweza ni kuandika. Kwa simu naweza kumwandikia mtu ukurasa mzima. Simu hiyo hiyo ikilia, naifunika na mto mpaka iache. Kwa hivyo nyumbani wakaamua mimi ndiye mtu wa mtandao, na kwa kweli nilifurahi, kwa sababu ilikuwa kazi ambayo mtu haoni uso wangu.

Nilitafuta kwa majuma. Watu wanaouza santuri za zamani ni wengi kuliko nilivyofikiria, na wanajua wanachouza. Santuri moja ya gitaa la zamani la huku kwetu unaambiwa bei ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe awe mnono. Ndipo nikaona ukurasa wa huyu mmoja. Alikuwa anauza boksi zima, seti kamili ya nyimbo za zamani za magharibi ya Kenya, litungu na gitaa, kila santuri na mfuko wake, kwa bei ya kuku wawili.

Nilimwandikia. Akajibu haraka sana.

"Sasa. Iko."

Nikamuuliza kama ndani yake kuna ile ya litungu iliyorekodiwa Webuye, wanawake wakiitikia, lebo nyekundu, kwa maana Kuka aliniambia ni nyekundu.

"Hiyo ndiyo iko juu kabisa. Wamama mob, wengi kabisa, wanaitikia. Mali oriji."

Kesho yake alinitumia picha ya santuri yenye lebo nyekundu. Nilishangilia peke yangu chumbani. Halafu nikaikuza picha kusoma maandishi, na nyuma ya boksi, ukutani, nikaona soketi ya stima. Ilikuwa na tundu mbili za mviringo. Soketi zetu zina tundu tatu za mraba, kila mtu anajua. Niliitazama hiyo soketi kwa muda mrefu. Nikajiambia labda ana nyumba nzuri. Nikajiambia labda ni mtu wa kusafiri. Sijawahi kuona mtu anajitungia mwenzake maisha mazuri vile nilivyomtungia huyo muuzaji siku hiyo.

Akaandika tena: "Kama una doubt nipigie, nikuwekee uskie."

Na hapo ndipo mambo yote yangeisha. Ningepiga tu. Ningesikia eee, ama nisingesikia. Lakini nilifikiria simu ikiita, mwanaume nisiyemjua akisema haloo, na mimi nikitafuta sauti. Nikaandika: "Hapana, ni sawa. Nakuamini."

Baba anauza viatu vya mitumba karibu na soko. Yeye kiatu hakinunui mpaka akinuse, akikunje, aingize mkono ndani kama daktari wa ng'ombe. Ana msemo wake kwamba belo la mitumba halinunuliwi kwa picha. Alipokuja kutoa pesa aliniuliza, "Mmeongea naye huyo mtu?"

Nikasema, "Tumeongea."

Akatuma, kwa sababu kwake mimi ndiye nimesoma.

Boksi lilifika Kitale likiwa limefungwa kwa utepe wa plastiki pande zote. Baba alilileta nyumbani kwapani, akaenda moja kwa moja kuchukua kisu, vile anavyofanya na belo. Wakati huo huo Senge akapiga simu kuuliza kama mzigo umefika, akasikia neno kisu. Sauti yake ilitoka kwa simu mpaka tukaisikia sote jikoni. Alisema zawadi ya mzee hailetwi ikiwa wazi. Hiyo itakuwa kama kumpelekea mzee chakula ambacho watoto wameshaonja njiani. Itafika Mabanga vile ilivyofungwa, wamama wataipokea langoni, itaombewa, na mwenyewe ndiye ataifungua. Baba akajaribu kusema kwamba ni kuangalia tu. Senge akamuuliza tangu lini yeye akawa na macho kuliko baba yake.

Baba aliweka kisu chini. Kwetu ndivyo ilivyo, na hata mama alisema Senge yuko sawa. Lakini mimi nilishukuru Mungu. Nilishukuru kwa sababu boksi likiwa limefungwa, Kukhu bado yuko ndani.

Siku ya shukrani ilikuwa na jua asubuhi, na hema la kanisa likapigwa mbele ya nyumba. Santuri ya Kuka, ile mashine yenyewe ya kuchezea, ilitolewa kwa kabati ikawekwa juu ya meza, ikatolewa kitambaa chake cha kufuma. Kuka alikuwa ameitia mafuta na kununua sindano mpya Bungoma mjini. Alikuwa amevaa koti lake la kazini la Webuye, lile la kijivu, ambalo hatujui lilikaa wapi miaka yote hiyo.

Tulipofika langoni wamama walitungojea. Boksi likachukuliwa kutoka kwa baba likawekwa kichwani mwa Senge, na wakaingia nalo wakiimba, hatua mbili mbele, moja nyuma, vile bibi harusi anavyoletwa. Mzee wa kanisa akaliombea kwa muda mrefu. Akamshukuru Mungu aliyewapa vijana akili ya kutumia mitambo kwa wema, siyo kama wale wengine. Kisha Senge akasema aliyeitafuta asimame aseme neno.

Nilisimama. Watu wakanyamaza vizuri, wale wa nyuma kabisa wakainua shingo. Nilisema asante. Nadhani nilisema, kwa sababu mdomo ulifunguka.

"Huyu mtoto wetu ana haya," Senge akasema, akanishika bega, "lakini alienda kumtafuta Kukhu huko kwa mitandao mpaka akampata."

Walipiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Nilikuwa nataka sana kuamini, na makofi yalinisaidia.

Kuka alifungua boksi polepole na wembe. Lilikuwa boksi jipya, lenye picha ya litungu ambayo ukiangalia vizuri haikuwa litungu, ilikuwa kinanda cha nchi nyingine chenye nyuzi. Akatoa santuri ya juu, ile ya lebo nyekundu, akaishika kwa kingo na viganja, bila kugusa uso wake. Akaiinamishia jua.

"Ilikuwa ya kijani," akasema. "Sasa ndio nakumbuka. Nilikukosea, mama, nilikwambia nyekundu." Mimi ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Nilimwelewa kabla yeye hajajielewa. Mimi ndiye nilimwambia muuzaji nyekundu. Kama ningesema kijani ingekuja kijani.

Akaweka sindano. Kulikuwa na mkwaruzo kidogo, kama mafuta kwenye kikaango, na watu wote wakasogea mbele kwa viti. Halafu mwanamke akasema kitu. Hakuimba, alisema, kwa sauti ya mwalimu aliyepiga pasi nguo zake, maneno ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Akanyamaza. Tukasikia kimya cha santuri kikizunguka. Kisha akasema maneno yale yale tena, na akanyamaza tena.

"Ni tangazo," mzee wa kanisa akasema. "Wimbo unakuja."

Tulingoja wimbo. Mwanamke akaendelea, sentensi, kimya, sentensi, kimya. Jirani mmoja ambaye amewahi kufanya kazi kwa misheni akasema hicho ni Kijerumani, ni masomo, wazungu walikuwa wanajifunza hivyo zamani. Mtu nyuma akasema, "Kumbe Kukhu alikuwa amesoma ng'ambo na hakutuambia." Wakacheka. Siwalaumu, ilikuwa inachekesha. Hata Senge aliyekuwa amesimama na machozi yake tayari alicheka kabla hajajikamata. Kuka aligeuza upande wa pili. Mwanamke yule yule. Akatoa ya pili, lebo ya buluu, imeandikwa ni ya gitaa. Mwanamke yule yule. Alizijaribu zote, hakuharakisha, na kila mara alipoinua sindano aliipuliza. Watu waliacha kucheka kufika katikati. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, jinsi walivyoacha wote pamoja, na kuanza kuulizana kama chakula kiko tayari.

Nilienda nyuma ya jikoni nikakaa kwenye mawe, mahali nadhani bakuli la vifaranga lilikuwa. Nikachukua sufuria iliyokuwa imeshaoshwa nikaanza kuisugua. Baba alinifuata na ile santuri ya lebo nyekundu mkononi. Alikuwa ameinua kona ya lebo kwa ukucha. Akainusa.

"Hii gundi mimi naijua," akasema. "Ni ile tunabandikia soli."

Niliendelea kusugua.

"Si uliniambia mliongea?"

"Tuliandikiana."

Nilingoja anigombeze, nilikuwa nimejiandaa hata kulia ikibidi. Badala yake alitoa simu akapiga nambari ya yule mtu, akaweka sauti kubwa, na tukasikia sote wawili kwamba mteja hapatikani. Ukurasa wenyewe jioni hiyo haukuwepo tena. Baba akarudi hemani kuwasaidia kugawa nyama. Viatu vibaya akiletewa na mtu huwa anavirusha barabarani na kusema maneno. Mimi hakuniambia kitu, na mpaka leo sijui ningefanya nini ili aniambie.

Siku zilizofuata kwetu Kitale nilikuwa nazima simu nikifika nyumbani. Kwenye kundi la ukoo binamu mmoja aliandika, "Niaje mtafutaji, hebu nitafutie na mimi nyanya feki, Mchina." Senge alimkemea hapo hapo, na kukemewa kwake kukafanya hata wale ambao hawakuwa wameona waone. Kuka alipiga mara kadhaa kwa simu ya baba na kuniulizia. Nilikuwa nafanya ishara kwa mkono, baba anasema niko dukani. Nilikuwa dukani sana mwaka huo. Kitu kilichonisumbua si kwamba nilidanganywa, wengi wanadanganywa. Ni kwamba Kuka alikuwa amezoea kukosa. Alikuwa ameshakubali, anakunywa chai yake. Mimi ndiye nilimvalisha koti nikamkalisha mbele ya watu amngojee mkewe, na akaja mtu mwingine.

Desemba walinituma Mabanga kumsaidia kupukuchua mahindi. Sikuwa na la kusema, nikaenda. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, nikayapanga vizuri kabisa kama insha. Nilipoingia uani Kuka alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Aliinua kofia.

"Guten takh," akasema.

Maneno yangu yote yakaanguka.

"Sasa unaniangalia tu? Mtu akikusalimia hivyo unamjibu guten takh. Ingia, uji uko."

Ndani, mashine ilikuwa mezani bila kitambaa chake. Boksi lilikuwa kando, lebo zote zimebanduliwa, hata ile picha ya litungu la uongo. Nilidhani amezitupa zile santuri siku ile ile. Kumbe amekuwa akizicheza kila siku akimaliza kukamua ng'ombe. Alikuwa anajua kuomba maji kwa Kijerumani, kuuliza stesheni iko wapi na kusema kwamba yeye ni mwanafunzi kutoka mji wa mbali, yote haya kwa matamshi ya Mabanga kabisa, r zikigeuka l zinapotaka.

Nilisema, "Kuka, nisamehe kwa hiyo kitu." Ilitoka ndogo, haikuwa hata robo ya insha.

"Kitu gani?"

"Hizo lekodi," nikasema, hata mimi nikageuza. "Nilijua. Nilikuwa nimeona siyo. Aliniambia nimpigie anichezee nisikie, nikaogopa kuongea na yeye."

Alichukua gunzi akalizungusha mkononi.

"Mimi pia niliona," akasema. "Senge yako alipofika nayo kichwani niliona boksi ni jipya. Nikasema acha kwanza waimbe." Akaweka gunzi chini. "Ilikuwa inaniuma, usifikiri haikuniuma. Siku hiyo wageni walipoenda sikula. Lakini sasa sikiliza huyu mama."

Akaweka sindano. Mwanamke akasema sentensi yake, na ule ukimya ukaja. Kuka akajibu, akiwa amenyooka kwenye kiti. Sentensi nyingine. Akajibu.

"Unaona vile anafanya? Anasema, halafu ananyamaza ananingoja. Hata nikikosea hanikati. Senge yako akipiga simu, anauliza na kujibu mwenyewe." Alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Si Kukhu yako. Sijichanganyi. Kukhu nilikuwa namsikia peke yake mwisho wa mstari. Huyu ananiachia mimi huo mwisho."

Nikaangalia mashine. Nilikuwa bado na aibu, na haikupungua kwa sababu amenitendea wema. Iliongezeka, ikawa tu ya aina nyingine, ambayo mtu anaweza kukaa nayo chumba kimoja.

"Jibu wewe," Kuka akasema.

"Mimi siwezi."

"Si mtu huyo, ni santuri. Hakuoni."

Mwanamke akasema maneno yake. Kimya kikaanza kuzunguka. Nilikuwa na hiyo sentensi mdomoni kabisa, nimeshaisikia Kuka akiisema mara mbili, lakini ilikwama palepale inapokwamaga. Kimya kikaisha. Yeye akaanza sentensi nyingine, na ndipo sauti yangu ikatoka, juu ya yake, peke yake, imechelewa.

Kuka alinitazama. Alibaki na mkono hewani juu ya mashine kwa muda, kama aliyesahau alitaka kufanya nini. Halafu akainua sindano, akaipuliza, akairudisha nyuma kidogo.

"Tena," akasema. "Na usiharakishe."